Pimbi na Maharage ya Mkwe

Hapo zamani za kale, enzi zile ambazo chui walioa kwa posa na wakwe wakaja kutembea na masharti yao, paliishi chui mmoja kwenye kilima cha mawe. Msinitazame hivyo, watoto. Chui yule alikuwa na nyumba, alikuwa na mke, na mlangoni alikuwa ametandika mkeka wa kufutia miguu. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako, hadithi imeshaanza.

Alikuwa na nguvu, Chui huyo! Aliweza kumbeba swala kwa meno akapanda naye mtini huku akipiga mluzi. Msiniulize alipigaje mluzi mdomo umejaa swala. Alipiga.

Kitu kimoja tu kilimtia baridi mgongoni: mama mkwe wake.

Mama mkwe aliitwa Bi Nyamizi. Alikuwa chui mzee, madoa yamefifia kama kanga iliyofuliwa mno, na mdomoni hakuwa na jino hata la kuazima. Nyama aliifyonza tu. Lakini nyama yenyewe hakuigusa mpaka pembeni yake pawe na maharage mabichi, yale ya kijani yanayopikwa pamoja na maganda yake. Tena yawe laini. Laini ya kupondeka kwa ulimi.

Safari iliyopita, Chui aliyapika mwenyewe ili ajipendekeze kwa mkwe. Aliwasha moto wa kuchomea matofali. Maharage yakaungua nje, ndani yakabaki magumu kama fito. Bi Nyamizi akatia moja mdomoni asubuhi, akalimung'unya, akalimung'unya, jua likatua bado analo.

"Mkwe," alisema alipolitema, "hizi ni kuni. Nikija tena nikapewa kuni, nitazifunga mzigo mmoja na vyombo vya binti yangu, nirudi naye kwetu."

Na siku ya kuja tena ikawa ndiyo hii ninayowasimulia.

Asubuhi hiyo Pimbi alikuwa juu ya jiwe lake akiota jua. Mmewahi kumwona pimbi? Utadhani ni mkate ulioota miguu: mnene, mviringo, hana mkia. Pimbi huyu alikuwa mama wa watoto, na watoto wake walikuwa ndani ya ufa wa jiwe wakigombania jani. Jua lilikuwa tamu. Macho yakaanza kumlegea. Akafumba moja. Akafumba na la pili.

Paa!

Alipofumbua macho alikuwa ananing'inia hewani, shingo iko baina ya meno ya Chui, miguu inapiga mbio pasipo na ardhi.

"Mama!" watoto wakalia kutoka ufani. "Mama, unakwenda wapi?"

"Nakwenda kutembea kidogo kwa jirani!" akajibu Pimbi, maana hakutaka waogope. "Msitoke nje! Na jani mgawane!"

Chui akamfikisha nyumbani, akamtupa jikoni, akamfunika kwa tenga, na juu ya tenga akaweka jiwe.

"Mke wangu!" akaita. "Nyama tayari! Mnono kama boga!"

Mke wa Chui, Bi Madoa, akaingia anajitanda kanga ya kutokea. "Nyama si tatizo," akasema. "Nyama haijawahi kuwa tatizo nyumba hii. Maharage je?"

Chui akajifanya analikaza lile jiwe juu ya tenga.

"Bwana, nakuuliza. Maharage je?"

"Si… nitawasha moto mkubwa zaidi ya ule?"

"Lahaula!" Bi Madoa akashika kichwa. "Sikiliza, bwana. Mimi nakwenda kumpokea mama njiani, ana mzigo na magoti yanamuuma. Maharage hayo hapo kwenye ungo, nimeyachuma mwenyewe. Nikirudi niyakute yamelainika. La sivyo, Chui, utabaki na mawe yako na mkeka wako wa mlangoni."

Huyoo, akashuka kilima.

Chui akabaki na ungo. Akayatazama maharage. Maharage yakamtazama Chui. Akayasogelea, akatoa meno yote nje.

"Ngrrrrr! Laineni!"

Hakuna hata moja lililotikisika.

"NGRRRRR!"

"Kh! Kh!" ikasikika kutoka chini ya tenga.

"Nani anakohoa?"

"Nyama," akajibu Pimbi.

"Nyama haikohoi."

"Nyama ikiona maharage yanatukanwa, hukohoa, Bwana Chui. Unawapigia kelele watoto wa watu! Hivyo ndivyo yanavyokuwa magumu. Na wewe ukipigiwa kelele, hukazi mwili?"

Chui akafikiri. Ni kweli, hukaza.

"Wewe unajua kuyapika?" akauliza.

"Ebo! Mimi? Mimi nilizaliwa ndani ya chungu! Mama yangu aliponipakata, mkono wa pili ulikuwa na mwiko!"

Sasa nisikilizeni, watoto, niwaambie ukweli. Pimbi hakuwahi kupika maharage maishani mwake. Hakuwahi kupika kitu chochote. Pimbi hula majani mabichi na kushushia na jua. Lakini chini ya lile tenga alikuwa amejua jambo moja: maharage yakishaiva, anayefuata chunguni ni yeye. Basi maharage hayo yasiive. Na kama ni lazima yaive, yaive polepole, polepole, polepole mpaka apate njia.

Chui akamtoa. Lakini hakuwa mjinga kiasi hicho. Akamfunga kamba kiunoni, fundo la haja, na ncha ya pili akajizungushia mkononi.

"Nikivuta, sema 'nipo'," akamwambia. "Usiposema, nakurukia."

Akavuta. Pimbi akateleza hatua mbili kwa makalio.

"Nipo, Bwana Chui!"

"Vizuri. Haya, pika."

"Mimi nipike?" Pimbi akashangaa. "Mkwe ni wa nani? Maharage ya mkwe hupikwa na mkono wa mkwe, la sivyo yanajua. Mimi nitakuelekeza tu. Kaa hapo. Chukua moja. Vunja ncha zote mbili, halafu vuta ule uzi ubavuni."

"Uzi wa nini?"

"Huo ni mshipi wake. Wewe ukitaka kupumzika, hulegezi mshipi? Mvue mshipi, apumzike, alainike."

Chui akajaribu. Kucha zake ni za kurarua nyati. Ukilinganisha na ganda la haragwe ni kama kushona kitufe kwa jembe. Haragwe la kwanza likaruka, twii! likampiga jichoni. La pili likajificha chini ya kidole. La tatu akalikata vipande, pamoja na kipande cha ukucha wake mwenyewe.

"Polepole," Pimbi akasema. "Uliomba ruhusa?"

"Ruhusa?"

"Humvui mtu mshipi bila ruhusa!"

"Samahani," Chui akaliambia haragwe. "Naomba mshipi."

Na kweli, alipovuta taratibu, uzi ukatoka mzima kutoka juu hadi chini, sssrii! Chui akatabasamu peke yake. Akachukua jingine. "Naomba mshipi. Asante. Naomba mshipi. Asante." Jua likapanda likafika utosini, Chui bado anaomba mishipi, na kila akikumbuka anavuta kamba. "Upo?" "Nipo!"

Pimbi akapima mambo. Kuikata kamba kwa meno hakuweza, Chui angesikia inalegea. Akafikiri kuifunga kwenye jiwe. Lakini jiwe likivutwa halisemi "nipo". Angemtafutia wapi Chui kitu kizito, kinachovutika, na kinachojibu?

"Mishipi imekwisha!" Chui akasema. "Natia chunguni!"

"Bado! Kitunguu kwanza!"

Chui akakata kitunguu. Machozi yakamtoka chururu, yakashuka mashavuni yakapita doa kwa doa.

"Nalia nini mimi?" akauliza huku anapenga kamasi. "Sina huzuni yoyote!"

"Lia tu, Bwana Chui. Kitunguu kinakukumbusha mabaya yako."

"Ni mengi!" Chui akalia. "Kuna swala mmoja alikuwa na mimba! Huu!"

"Malizia kukata."

Wakakaanga kitunguu kwa mafuta ya ufuta mpaka kikawa rangi ya dhahabu, shaaa! Pimbi akaona Chui anatupia nyanya kwa sababu zilikuwa karibu, akatikisa kichwa kama anayesema "ndivyo". Maharage yakaingia. Chumvi ikaingia. Maji kidogo, kwa sababu Pimbi hakuweza kunyanyua mtungi mkubwa na Chui alikuwa bado anafuta machozi. Chungu kikafunikwa.

Chui akaruka uani akarudi na gogo. Gogo zima, lina hata kiota cha ndege.

"Moto!" akasema.

Pimbi akaona hatari. Moto wa gogo lile ungeyaivisha mara moja, au ungeyaunguza mara moja, na vyovyote vile zamu yake ingefika kabla hajapumua.

"Ondoa!" akapiga kelele. "Ondoa huo ujinga! Unataka kuni tena? Ondoa gogo, ondoa na vile vijiti. Acha makaa tu. Punguza. Punguza tena. Hapo! Nataka moto unaopumua kama mtoto aliyelala."

"Huu si moto," Chui akanung'unika. "Huu ni fununu ya moto."

"Fununu ndiyo inayotakiwa. Na kuanzia sasa tunanong'ona."

"Kwa nini?"

"Shhh! Yakisikia sauti ya chui yatakaza mwili."

Chui akajikunyata kando ya chungu. Ndani yake pakaanza kusikika, kwa mbali: puku… puku… puku.

"Yanasema nini?" akanong'ona.

"Yanalalamika. Bado yana hasira na wewe."

Chui akanyoosha mkono kwenye mfuniko. Pimbi akamchapa mwiko wa vidole, pa!

"Yanaoga! Unataka kuyachungulia yanaoga?"

"Ala! Sikujua!" Chui akageuza uso kwa haya. Akatulia. Akachoka kutulia. "Je, nifanye nini basi?"

"Yaimbie."

Basi, watoto, kama mngepita kilimani siku ile mngemwona mnyama aliyewahi kumkimbiza nyati mchana kweupe, amekaa chini, mkia kaukunjia mapajani, anaimba kwa sauti ya kunong'ona:

"Lala, haragwe, lala,
hapana wa kukutafuna,
ila bibi mmoja mzee,
naye meno hana."

Na chungu kikawa kinaitikia, puku… puku… tu… tu… tu.

Mchana ukaenda wote hivyo. Makaa yakipoa Pimbi huongeza kaa moja, kaa dogo, la ukubwa wa kidudu. "Upo?" ananong'ona Chui akivuta. "Nipo." Harufu ikaanza kutoka pembeni ya mfuniko. Pimbi mwenyewe akashtuka. Hakuwa amejua kwamba maharage yana harufu hiyo. Puani ilikuwa nzuri, lakini moyoni ikamwumiza, maana ilimaanisha yanaiva, na yeye njia hajaipata.

Halafu, chini kilimani, fimbo ikagonga mawe. Ko. Ko. Ko.

"Hodi hapa!" ikaita sauti ya Bi Madoa. "Mama amefika!"

Chui akaruka wima kama aliyekalia siafu. "Mkwe! Na nimekaa jikoni! Nijifiche wapi?"

Maana mila yao ilikuwa hivi: mume hamtazami mama mkwe usoni, wala hamgusi hata kwa ncha ya mkia. Akija, mume hugeukia ukuta mpaka mkwe akae.

Na hapo hapo, watoto, njia ikamjia Pimbi. Ikamjia nzima, kama uzi ulivyotoka kwenye haragwe.

"Geukia ukuta, Bwana Chui! Haraka! Na ujizibe masikio!"

"Masikio pia?"

"Mkwe wako hana meno. Atayafyonza maharage. Unataka umsikie mama mkwe wako akifyonza?"

Chui akafunika uso kwa mikono. "Aibu gani hiyo!" Akanyakua sufi kutoka kwenye mto, akajishindilia sikio la kulia, akasita. "Lakini nikijiziba, nitakusikiaje ukisema 'nipo'?"

"Ukivuta kamba, mimi nami nitavuta. Ukiona umevutwa, ujue nipo."

"Una akili, wewe nyama."

"Nimejaliwa."

Chui akashindilia sikio la kushoto, akageukia ukuta, ncha ya kamba mkononi.

Bi Nyamizi akaingia jikoni kabla hata hajapokewa fimbo. Pua yake ndiyo iliyomtangulia. Bi Madoa alikuwa ameshapita kisimani kumletea mama yake maji ya kunawa.

"Shikamoo, bibi," Pimbi akasema kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni nini kinachonukia hivi? Na kwa nini unanong'ona?"

"Maharage yamelala, bibi. Mkweo ameyaimbia tangu mchana."

"Huyu?" Bi Nyamizi akautazama mgongo wa Chui kwa mashaka. "Huyu wa kuni?"

Pimbi akafunua mfuniko. Na hapo, kwa kweli, alikaribia kuanguka ndani. Alitarajia uji, au mkaa. Lakini maharage yalikuwa yamelala yamelegea, kijani chake kimeiva kikawa kizito, nyanya zimeyeyuka zimekuwa mchuzi mzito unaong'aa, na kitunguu hakionekani tena. Ule uchelewesho wake wote, ule moto wa fununu, kumbe ndio upishi wenyewe!

Akachota kwa upawa. Bi Nyamizi akapokea, akafumba macho, akalisukuma haragwe moja juu ya ufizi.

Likayeyuka.

"Loo!" akanong'ona. "Loo, loo, loo!" Machozi mawili yakamtoka. "Tangu jino langu la mwisho lidondoke sijala kitu kikanielewa hivi."

"Na bado hujaona heshima aliyokuandalia," Pimbi akasema. "Unaiona hii kamba, bibi?"

"Naiona. Mbona umefungwa?"

"Mimi nimeishikilia tu nafasi yako. Mkweo amesema, 'Mama ana magoti mabaya, anahitaji kuongozwa hadi kwenye kiti cha heshima. Lakini mimi nitamshikaje mkono, nami ni mkwe? Nitamwongoza kwa kamba!' Ncha moja yake, ncha moja yako, hakuna anayemgusa mwenzake."

Bi Nyamizi akaweka mkono kifuani. "Mkwe wangu amefikiria hayo?"

"Kwa kichwa chake mwenyewe, bibi. Tena akivuta kidogo, ndiyo shikamoo yake. Nawe ukivuta kidogo, ndiyo marahaba."

"Adabu ya kale hiyo!" Bi Nyamizi akasema. "Hebu nifunge, mjukuu wangu. Nifunge upesi."

"Fundo hili siliwezi, bibi. Mkweo amelikaza kwa mapenzi."

Kikongwe akaingiza ukucha mmoja, akauzungusha. Fundo likafunguka. Pimbi akajisikia kiuno chake kimekuwa chake tena. Akampitishia bibi kamba kiunoni, akafunga, na fundo akalifunga mara mbili.

Wakati huohuo Chui akavuta.

"Amenisalimia!" Bi Nyamizi akanong'ona kwa furaha. Akavuta na yeye. "Marahaba, mwanangu."

Chui, uso ukutani, akatikisa kichwa. Pimbi yupo.

Pimbi hakusubiri zaidi. Akateleza kando ya mafiga, akapita chini ya tenga lililoegemezwa, akatoka mlangoni, akajibanza nyuma ya jiwe lililo karibu. Angeweza kukimbia moja kwa moja, lakini, watoto, nani kati yenu angeondoka hapo bila kuona?

Jikoni, Bi Nyamizi akaketi kando ya chungu akaendelea kula. Chui akivuta, anavuta. Upo? Nipo. Shikamoo! Marahaba!

Chui akaona muda umepita. Mkwe sasa bila shaka ameshapelekwa kukaa sebuleni, akafikiri. Maharage yameshaonjwa. Kilichobaki ni nyama. Akajifuta mate, akaizungusha kamba mkononi mara moja zaidi, akavuta.

Ikawa nzito.

"Ala!" akasema kwa sauti kubwa, maana mwenye sufi masikioni hajisikii. "Umenenepa! Mvuke wa maharage umekuumua!"

Bi Nyamizi akasimamisha upawa. "Unasemaje, mkwe?"

Chui hakusikia kitu. Akatia miguu yote ukutani, akavuta kwa nguvu zake zote.

"NJOO HAPA, MNENE WANGU! Leo nakutafuna! Hicho kichwa nitakibugia kwanza, makalio nitayakausha kwa safari!"

Buruuuuuuu! Kikongwe akapita sakafuni kama gunia lililokatika kamba, upawa mkononi, chungu kikafuata, na maharage yakaruka yakamwagika juu ya wote wawili. Chui akageuka, mdomo wazi mpaka koo laonekana, akadaka.

Akajikuta uso kwa uso na mama mkwe wake, amemkumbatia, na kwenye paji la uso la mama mkwe pamelala haragwe moja laini.

Wakatazamana.

Mlangoni Bi Madoa akaangusha ndoo ya maji. Gba!

"Mume wangu," akasema, "umemfunga mama yangu kamba?"

Chui akachomoa sufi. "Nilidhani… nilidhani ni nyama!"

"Nyama!" Bi Nyamizi akapaa. Magoti yote yakapona palepale. "Nyama mimi? Makalio yangu ya kukaushia safari? Na shikamoo zote zile ulikuwa unanipima uzito?"

Upawa ukatua. Po! Kichwani. Po! Puani. Po! Po! Chui akapita dirishani, na nyumba ile haikuwa na dirisha mpaka siku hiyo.

Jioni wakamwekea kikao. Bi Nyamizi akatoa hukumu: binti yake hataondoka, lakini na yeye mwenyewe haondoki. Atakaa hapo, na Chui atampikia maharage mabichi kila siku, laini kama yale, mpaka moyo wake usamehe. Na moyo wake, akaongeza, ni mgumu kuiva.

Pimbi alikuwa ameshafika nyumbani kwake. Watoto wake walimrukia wakamnusa. "Mama, kwa jirani kulikuwaje?" "Kulikuwa na mgeni," akasema, akawakumbatia wote kwa mpigo, na kwa muda mrefu hakuwaachia.

Asubuhi akasikia kitu kizito kinajongea juu ya jiwe. Jicho kubwa likatokea kwenye ufa. Juu ya jicho kulikuwa na nundu ya upawa.

"Bi Pimbi," Chui akaita kwa sauti ya unyenyekevu. "Sikuja kwa ubaya. Nimeyatia kwenye moto tangu alfajiri, yamegoma. Mkwe amekaa na bakuli mkononi ananitazama. Nifundishe, tafadhali!"

Pimbi akasogea hadi pale ambapo mkono wa Chui haufiki, akamhurumia kidogo.

"Moto uwe mdogo, Bwana Chui. Maji kidogo. Halafu uwe na subira."

"Moto mdogo," Chui akarudia ili asisahau. "Maji kidogo. Subira."

Akateremka jiwe, akaenda hatua chache, akasimama, akarudi mbio.

"Bi Pimbi! Hiyo subira inachumwa wapi?"

Hadithi imeiva, nami naipakua, watoto wangu: mwenye nguvu hutaka kila kitu upesi, na mwenye akili humchelewesha hapo hapo akajiokoa.